Vifaranga 100 kwenye baridi ya Njombe: kuwalisha na kuwalea hadi wiki ya nane

Vifaranga wengi hufika kwetu kwa basi. Unapigiwa simu usiku, unakwenda stendi na koti zito, unakabidhiwa boksi la karatasi ngumu lenye matundu, na kabla hujalifungua unasikia vijimguu vikikwaruza chini ya viganja vyako. Ukifika nyumbani mawazo yote yako kwenye chakula: nimenunua stata, kile chakula cha vifaranga wadogo, ya kutosha? Niwape gramu ngapi?

Nakuomba ubadili mpangilio huo kichwani. La kwanza joto, la pili maji, chakula ni cha tatu. Kifaranga aliyepigwa na baridi hali, hata umwekee chakula gani. Anajibanza kwa wenzake, anafumba macho, na asubuhi unamwokota amekauka. Kifaranga mwenye joto akishakunywa, huhitaji kumlazimisha kula, atakula mwenyewe.

Wala njaa si ya kukutia hofu saa zile za kwanza. Kifaranga hutotolewa akiwa na mabaki ya kiini cha yai tumboni, na hicho kinaweza kumpeleka siku 2, hata 3. Kwa kuku mama kinasaidia vifaranga waliotangulia kutoka wangoje wenzao. Kwetu kinasaidia wasafiri kwenye basi. Ila si sababu ya kuwachelewesha, maana kadiri anavyoanza kula mapema ndivyo kiini hicho kinavyotumika vizuri mwilini, na ndani yake mna kinga aliyorithi kwa mama yake.

Ninayoeleza hapa ni ya vifaranga 100 wa chotara, Kuroiler au Sasso, hapa Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako Juni hadi Agosti baridi haina huruma. Aliyeko Dodoma au Dar es Salaam atapunguza mkaa na kuongeza madirisha. Mengine yote ni yale yale.

Hatua ya kwanza: bruda iwe tayari kabla ya vifaranga

Bruda, yaani sehemu ya kulelea vifaranga kwenye joto, au kinengunengu kama wanavyoiita wengine, iwe ya mviringo. Hili nalisema kwa uchungu. Mwaka wangu wa pili wa ufugaji nilitumia kona ya chumba, nikaziba kwa mbao pande mbili. Usiku mmoja wa Julai jiko la mkaa likazimika mnamo saa tisa, mimi nimelala. Asubuhi nikawakuta wote wamerundikana kwenye pembe, tabaka juu ya tabaka. Wa juu walikuwa wazima, wanalia. Wa chini walikuwa wamebanwa hadi kukosa pumzi, manyoya yamelowa mvuke wa wenzao. Nilihesabu 31. Baridi iliwasukuma, lakini kona ndiyo iliyowaua. Kwenye mviringo hawana pa kurundikana namna ile.

Chukua silingibodi, bati jembamba au maboksi makubwa yaliyoungwa, kimo cha sentimita 45 hadi 60, uzungushe duara la kipenyo cha mita 2. Hilo linawatosha 100 kwa wiki ya kwanza. Kuanzia wiki ya pili ulipanue kila baada ya siku chache, na wakifika wiki ya nne wawe na chumba kizima.

Chini weka maranda makavu, unene wa sentimita 8 hadi 10 kwa baridi yetu. Njombe na Mafinga hatuna shida ya maranda, viwanda vya mbao za paini viko kila upande. Lakini chagua. Chukua maranda yenyewe, yale ya kukunjamana yatokayo kwenye randa, usichukue vumbi la msumeno. Vumbi hilo kifaranga hulidhani chakula, analijaza gole, ule mfuko wa chakula shingoni, na hulivuta puani. Na usichukue kabisa mabaki ya mbao au nguzo zilizotiwa dawa. Asiye na maranda atumie pumba za mpunga.

Juu ya maranda tandika magazeti kwa siku 3 za kwanza, ili wasidonoe maranda badala ya chakula. Yawe magazeti ya kawaida. Karatasi ya kung'aa huteleza, na kifaranga anayeteleza siku ya kwanza miguu hutanuka na huenda isirudi.

Joto: wengi tunatumia mkaa kwenye jiko au chungu, jiko likiwa juu ya matofali katikati ya bruda na limezungushiwa wavu ili wasiungue. Liwashie nje, moshi uishe, mkaa uwe mwekundu wote ndipo uingize. Na hata hapo uwe na mwanya wa hewa juu karibu na dari, kwa sababu mkaa usio na moshi bado unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Inaua vifaranga, inaua na watu. Tafadhali usilale chumba hicho kwa nia ya kuwalinda. Weka kengele ya simu, amka, kagua, rudi kwako.

Mwenye umeme atumie balbu, lakini balbu za kisasa za kuokoa umeme hazitoi joto la maana. Inahitajika ile ya zamani yenye uzi, au balbu maalumu ya joto ya wati 250. Na mkaa wa akiba uwe pembeni, umeme haukupi taarifa ukitaka kukatika. Dharura ikikukuta usiku, jaza maji ya moto kwenye chupa za plastiki, zifunge kwa vitambaa, zilaze katikati yao. Zitakuvusha saa moja au mbili wakati mkaa unashika.

Washa joto saa 24 kabla hawajafika. Sababu ni kwamba kifaranga hupoteza joto kupitia miguu, na maranda ya baridi hayapashiki moto kwa dakika kumi. Tia mkono chini ya maranda. Yawe na uvuguvugu hadi chini.

Hatua ya pili: wasome vifaranga wenyewe

Kipimajoto kikae usawa wa kichwa cha kifaranga, sentimita 5 hivi kutoka kwenye maranda. Kukitundika ukutani ni kupima joto la ukuta. Wiki ya kwanza kisome nyuzi 33 hadi 35, kisha punguza nyuzi 3 hivi kila wiki, hadi ufike 21 wiki ya tano au ya sita.

Lakini kipimajoto huharibika, vifaranga hawaongopi. Wakijibana chini ya joto na kulia kwa sauti kali isiyokatika, wana baridi. Wakikimbilia ukingoni, midomo wazi, mbawa zimeachia, wamezidiwa na joto. Wakienda wote upande mmoja, kuna upepo unaingia upande wa pili. Piga magoti, weka shavu lako usawa wao, utausikia. Wakitawanyika, huyu anakula, huyu anakunywa, wawili wamelala wamenyoosha shingo, na sauti yao ni ya kunong'ona tu, hapo usiguse kitu.

Hatua ya tatu: kuwapokea na kuwanywesha

Fungua boksi mbele ya aliyekuletea. Kitovu kiwe kimefunga na kikavu, macho maangavu, miguu inang'aa. Mlaze mmoja mmoja chali kwenye kiganja: kifaranga mzima hujigeuza ndani ya sekunde 3. Uliza pia kama wamechanjwa Mareksi, ugonjwa wa virusi unaopoozesha miguu na mbawa, kwa kuwa chanjo hiyo hutolewa siku ya kwanza kule kule wanakototoleshwa.

Maji yao ya kwanza yawe ya uvuguvugu. Changanya lita moja na gramu 50 za glukosi au sukari, kama vijiko 4 vya chakula. Wape hayo kwa saa 3 au 4 za mwanzo tu, kisha maji safi, ukipenda yenye vitamini. Sukari ikiendelea kutwa nzima kinyesi kinakuwa cha kunata.

Unapowatoa kwenye boksi, chovya mdomo wa kila mmoja kwenye maji, mdomo tu, pua isizame, halafu mwachie hapo hapo penye chombo. Unaona anainua kichwa, koo linacheza, anarudi mwenyewe kunywa. Kwa 100 ni kazi ya dakika ishirini, na ndio wakati wako wa kuwahesabu. Usiiruke. Kifaranga aliyesafiri usiku kucha na asiyejua maji yako wapi, siku ya tatu ndiye unayemwona mnyonge na kusema labda ni ugonjwa.

Vyombo vya maji viwe vitatu, vile vya kugeuza chini juu. Ukitumia sahani, jaza kokoto safi ili wasizame. Vioshe kila siku, na kuanzia siku ya nne viweke juu ya kipande cha tofali, kimo cha mgongo wao, ili wasivijaze maranda.

Neno moja kuhusu dawa. Kuna desturi ya kuwawekea antibiotiki siku 5 za kwanza, wazima na wagonjwa kwa pamoja. Mimi siiungi mkono. Inajenga usugu, na siku ugonjwa utakapoingia kweli dawa ile haitasaidia. Joto sahihi na vyombo safi vinaokoa vifaranga wengi kuliko pakiti ile.

Hatua ya nne: chakula

Wakishakunywa kwa saa moja au mbili, nyunyiza stata kwenye magazeti, na nyingine weka kwenye trei za mayai za karatasi au sinia fupi. Donoadonoa kwa kidole. Wanafuata sauti ya kidole kwenye gazeti kama ambavyo wangefuata mdomo wa mama. Wape kidogo kidogo, mara 4 au 5 kwa siku. Chakula kilicholala kutwa chini ya joto hupoteza harufu, na wanakikanyaga na kukinyea. Siku 3 za kwanza waachie mwanga usiku na mchana ili waione njia ya chakula.

Usiku wa siku ya kwanza fanya jambo hili: washike kumi au kumi na tano kutoka sehemu mbalimbali, uguse gole, pale chini ya shingo kwa mbele. Lililojaa ni laini na la mviringo, ukiliminya taratibu linabonyea kama unga uliolowa. Gumu maana yake amekula hakunywa. Likiwa na maji matupu, chakula hajakiona. Likiwa tupu, mrudishe kwenye maji, chovya mdomo tena. Kufikia saa 24 karibu wote wawe na gole lililojaa. Kama robo yao hawana, kasoro iko kwenye joto au mpangilio wa vyombo, na ni usiku huo huo wa kuirekebisha.

Kiasi cha chakula kwa kifaranga mmoja kwa siku ni kama hivi:

Wiki ya 1: gramu 12
Wiki ya 2: gramu 20
Wiki ya 3: gramu 28
Wiki ya 4: gramu 35
Wiki ya 5: gramu 40
Wiki ya 6: gramu 45
Wiki ya 7: gramu 50
Wiki ya 8: gramu 55

Ukijumlisha unapata karibu kilo 2 kwa kila kifaranga, yaani mifuko minne ya kilo 50 kwa 100. Chotara wenye mwili mkubwa watapita hapo kidogo. Piga hesabu ya mifuko hiyo kabla ya kuagiza. Wengi hununua mfuko mmoja, ukiisha wanamalizia kwa pumba tupu, na kifaranga aliyedumaa wiki ya tatu hafikii wenzake tena.

Stata nzuri ya mbegu hizi ina protini ya asilimia 20 hivi. Maoni yangu ni kwamba wiki 3 au 4 za kwanza ununue iliyotengenezwa. Ndiyo wakati wanakula kidogo kuliko wakati wowote, na ndiyo wakati kosa la mchanganyiko linagharimu zaidi. Baada ya hapo, mwenye mizani na malighafi nzuri anaweza kuchanganya. Kilo 100 huwa naziunda hivi: mahindi yaliyoparazwa kilo 42, pumba za mahindi 14, mashudu ya alizeti 15, soya iliyokaangwa na kusagwa 15, dagaa waliosagwa 10, unga wa mifupa 2, chokaa ya mifugo kilo 1 na robo, primiksi ya vifaranga (mchanganyiko wa vitamini na madini) nusu kilo, chumvi robo kilo.

Kila kimoja kina mtego wake. Soya mbichi ina kitu kinachozuia protini isimeng'enywe, kwa hiyo lazima ikaangwe hadi inukie kama karanga. Dagaa watokao Ziwa Victoria hufika na mchanga, na mchanga unaulipia kwa bei ya dagaa: tia konzi moja kwenye glasi ya maji ukoroge, uone kinachozama. Chumvi ikizidi inaua vifaranga, na dagaa tayari wana chumvi, kwa hiyo usikadirie kwa mkono. Vitu vya uzito mdogo, yaani primiksi, chumvi, chokaa na mifupa, vichanganye kwanza na kilo 5 za pumba hadi visionekane, ndipo umwage kwenye rundo kubwa. Vinginevyo kifaranga mmoja atakula chumvi ya kumi.

Na mahindi. Kuna mazoea ya kusema "haya yameota ukungu, wape kuku." Usifanye hivyo. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, hushambulia ini, inashusha kinga ya mwili, na vifaranga ndio dhaifu kuliko wote. Utachanja, utatibu, na bado watakufa mmoja mmoja bila sababu unayoiona. Mchanganyiko wako usikae zaidi ya wiki 3 hadi 4, na uwe juu ya chaga, mbali na sakafu.

Majani waanze wiki ya tatu: mchicha au kabichi, kidogo, yakiwa yamefungwa fungu na kuning'inizwa. Wakianza majani wawekee na mchanga safi wa changarawe ndogo kwenye kisahani, kwa sababu kuku hana meno, firigisi yake ndiyo inayosaga. Kwa sisi wa Njombe nasisitiza mawili. Parachichi lina sumu kwa ndege, na majani, mbegu na maganda yake ni hatari zaidi, kwa hiyo yale yanayokataliwa wakati wa kuchambua yasiingie bandani. Na maganda ya viazi mviringo yaliyogeuka kijani pamoja na majani ya viazi, hayo pia weka mbali.

Hatua ya tano: chanjo

Ratiba ninayoifuata, na ambayo maafisa mifugo wengi hupendekeza kwa tofauti ndogo: siku ya 7 kideri (Newcastle), siku ya 14 gumboro (ugonjwa wa virusi unaoharibu kinga ya mwili), siku ya 21 kideri kurudia, siku ya 28 gumboro kurudia, wiki ya 6 hadi 8 ndui kwa kuchoma ngozi ya bawa. Kisha kideri kila baada ya miezi 3. Kwa kideri kuna chanjo ya matone ya I-2, tone moja jichoni, ambayo inavumilia joto kuliko nyingine na inawafaa walio mbali na friji.

Chanjo inayotolewa kwenye maji ya kunywa inaharibiwa zaidi na mikono yetu kuliko na kiwanda. Ibebe kwenye chupa ya chai yenye barafu. Maji yasiwe ya bomba lenye klorini. Tumia ya kisima au ya mvua, na uchanganye gramu 2 na nusu za maziwa ya unga yasiyo na mafuta kwa kila lita. Vyombo vioshwe bila sabuni wala dawa. Waondolee maji saa moja au mbili kabla, ili ukiweka yenye chanjo wayamalize ndani ya saa 2. Chanja wazima tu.

Hatua ya sita: macho kila asubuhi

Kinyesi kilichoganda nyuma hadi kuziba kinaua haraka, hasa siku za mwanzo. Kilainishe kwa pamba na maji ya uvuguvugu, usikivute kikiwa kikavu, kisha mkaushe kabla ya kumrudisha. Mara nyingi chanzo ni baridi au joto lililozidi.

Kuhara kweupe kunakoua wengi wiki 2 za kwanza mara nyingi kunatoka kwa kuku mzazi kupitia yai. Watakaopona usiwaweke kuwa wazazi, wanabaki na vimelea. Kuhara damu huja kati ya wiki ya 3 na ya 6, na nyumba yake ni maranda yaliyolowa kuzunguka vyombo vya maji. Toa maranda hayo kila siku, na ukiona damu tumia amproliamu kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Gumboro na kideri hazina tiba, ndiyo maana nimeikazania ratiba ya chanjo. Vifo vikizidi wawili watatu kwa siku moja, peleka mizoga iliyo mibichi kwa daktari wa mifugo, usinunue dawa kwa kusimulia dalili dukani.

Ukiingia bandani macho yakawasha, vifaranga wanawashwa zaidi, kwa kuwa ile harufu kali ya kinyesi hutoka chini kwenye maranda, walipo wao. Fungua hewa, geuza maranda. Panya ziba matundu yote ya upana wa kidole gumba. Siafu, mwaga jivu la moto kuzunguka msingi jioni za msimu wa mvua.

Hatua ya saba: kuwaachisha joto

Wiki ya nane wanaanza groa, chakula cha kuku wanaokua, yenye protini ya asilimia 16 hadi 18. Usibadili ghafla: siku 2 stata tatu kwa groa moja, siku 2 nusu kwa nusu, siku 2 stata moja kwa groa tatu.

Joto liondoke vilevile. Manyoya yakishafunika mgongo na mbawa, kwa kawaida wiki ya tano, zima jiko mchana peke yake kwa siku nne tano. Kisha chagua usiku usio na upepo, uliache limezimwa, lakini liwe na mkaa tayari na kiberiti juu yake. Amka saa tisa, usifungue mlango, tega sikio tu. Wakilia, washa. Ukisikia kimya, na mmoja mmoja akijigeuza kwenye maranda, rudi ukalale.